Kungwi Mwenye Kifua na Simu Isiyofungwa

Hadithi hii nimeipokea kwa mtu, na aliyenipa naye alipewa. Nakufikishia kama ilivyo. Kama una simu mkononi, keti kidogo uisome, kisha umfikishie mwenzio, maana yaliyomkuta mwanamke huyu yanaweza kumkuta yeyote kati yetu.

Katika mji mmoja wa pwani aliishi kungwi aitwaye Bi Mwanakombo. Kungwi, kwa asiyejua, ndiye anayemfunda mwari kabla ya harusi. Humweleza ya ndoa, humwondoa hofu, na humjibu maswali ambayo binti hawezi kumuuliza mama yake mzazi. Mwari na kungwi wake huitana somo, na usomo huo haufi hata wote wawili wakizeeka.

Mji ule ulikuwa na makungwi wengine, tena wapo waliomshinda kwa kuimba na kucheza. Lakini wenye mabinti walimfuata yeye kwa sababu moja tu: Bi Mwanakombo alikuwa na kifua. Jambo likiingia kwake, limeingia. Mumewe, Mungu amrehemu, aliishi naye hadi akafa bila kusikia neno la mwari hata mmoja. Mashoga zake walimchokoza mpaka wakachoka.

"Tuonjeshe kidogo tu," walikuwa wakimwambia kwenye shughuli. "Yule binti wa nyumba ya kona alikwambia nini?"

"Aliniambia nyinyi ni wambea," akawajibu, na wote wakacheka.

Zamani mwari alikaa ndani na kungwi akamfuata huko huko. Maneno yalitoka mdomoni yakaingia sikioni, basi. Siku hizi mabinti wanafanya kazi miji ya mbali, na wengine hurudi nyumbani harusi imeshabisha hodi. Kwa hiyo wakaanza kumtumia somo yao ujumbe wa sauti kwa WhatsApp. Bi Mwanakombo aliupenda utaratibu huo. Macho yake yalikuwa yameanza kumchoka kusoma, lakini masikio yalikuwa mazima.

Tena alikuwa na desturi yake: hakumjibu mwari kwa pupa. Aliisikiliza sauti mara ya kwanza, akaenda kupika, akarudi akaisikiliza tena, ndipo akajibu. Kwa ajili hiyo hakufuta hata moja. Sauti za wari wake wote, waliolia na waliocheka, zilikaa humo simuni.

Na simu yenyewe haikuwa na loki.

Nyumbani aliishi na mkwe wake, Sikudhani, mke wa mwanawe wa pekee aliyekuwa dereva wa malori ya safari ndefu. Sikudhani ndiye aliyemchajia simu na kumsomea meseji zilizoandikwa. Alimwambia zaidi ya mara moja.

"Mama, weka loki. Hata ya kidole tu, hutahitaji kuandika namba kila mara."

"Simu ya kufungwa ni ya mtu mwenye mambo yake," Bi Mwanakombo alimjibu. "Mimi nina lipi la kuficha uzeeni huku?"

"Si yako, mama. Ya watu."

"Ya watu yako hapa," akasema, akijipiga kifuani.

Sikudhani akaichomeka simu kwenye chaji. Mke wa mtu atabishana na mama mkwe mpaka wapi?

Nasema haya kwa uchungu, kwa sababu sidhani kama mji ule ulikuwa na mwanamke mwaminifu kumzidi yeye. Ila uaminifu wake wote aliuweka mdomoni. Hakujua kwamba siri siku hizi zina njia nyingine za kutokea.

Mwaka huo akaposwa Salha. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, binti mpole mwenye kicheko cha kuziba mdomo kwa kiganja. Mposaji alikuwa Twaha, fundi umeme wa mtaa wa pili, na kila aliyewaona pamoja alijua kwamba wale wamependana, si kwamba wamepangiwa. Mama yake Salha akamkabidhi binti yake kwa Bi Mwanakombo.

Siku moja baada ya adhuhuri, Bi Mwanakombo akikuna nazi, ikaingia sauti ya Salha.

"Somo, niko peke yangu chumbani. Kuna jambo sijawahi kulisema. Nina kifafa, somo, tangu utotoni. Anajua mama na daktari tu. Dawa zinanisaidia sana, lakini kuna siku inanijia. Twaha hajui. Na kama ikinijia usiku ule wa kwanza? Akiniona nimeanguka, natokwa na povu, atanitazama vipi tena?"

Baada ya hapo hakukuwa na maneno, kilikuwa kilio kitupu.

Bi Mwanakombo akaiweka mbuzi ya nazi pembeni. Akanawa mikono, akaisikiliza tena, na machozi yakamtoka. Kisha akajibu kwa sauti yake ile ya taratibu.

"Somo yangu, usilie. Ugonjwa si aibu wala si laana. Lakini jambo hili Twaha asilisikie kwa mtu. Mwambie wewe, kwa kinywa chako, kabla ya ndoa. Akiwa wako atabaki. Asipobaki, ni heri ujue sasa."

Salha akajibu, "Nitamwambia, somo. Atakuja nyumbani Ijumaa. Niombee nipige moyo konde."

Basi jambo lilikuwa hilo tu. Binti alikuwa na neno moja zito maishani mwake, na alitaka alitoe mwenyewe, kwa mtu aliyemchagua, siku aliyoichagua.

Wiki hiyo hiyo mwanamke anayepaka wari piko aliomba mfano wa maua ya kumchora bibi harusi, yawe kwenye karatasi ili ayaangalie vizuri. Bi Mwanakombo alikuwa na picha yake kwenye simu. Akaenda steshenari ya karibu na soko, kwa dada mmoja aitwaye Eliwaza. Kompyuta kubwa ya dukani ilikuwa inatoa mitihani ya shule, kwa hiyo Eliwaza akampeleka kwenye ile ya pembeni, ambayo wateja hukaa kuchapa kazi zao wenyewe.

"Shikamoo, mama. Fungua WhatsApp tuskani hapa, picha ije kwenye kompyuta."

"Marahaba. Skani wewe, mwanangu, mimi haya siyajui."

Eliwaza akaichukua simu, akaielekeza kwenye kile kichoro cha mraba chenye madoadoa kwenye kioo cha kompyuta. Picha ikaja, ikachapwa, na maua yakatoka mazuri ajabu. Mteja mwingine akamwita Eliwaza. Bi Mwanakombo akatia karatasi kwenye mkoba, akaaga, akaenda zake.

Siku ya Alhamisi mama yake Twaha alibisha hodi. Hakukaa, wala hakutaka maji ya kunywa.

"Bi Mwanakombo, nimekuja na kitu, nataka unieleze."

Akanyoosha simu yake. Ikatoka sauti ya Salha: somo, niko peke yangu chumbani. Ikaendelea yote, mpaka kilio. Kisha ikafuata sauti ya Bi Mwanakombo mwenyewe, taratibu, usilie somo yangu.

Bi Mwanakombo akakaa chini kwenye sakafu.

"Umeitoa wapi hii?"

"Nimetumiwa, na aliyenitumia katumiwa. Mji mzima unayo. Mimi mama wa bwana harusi ndiye wa mwisho kuisikia."

"Naapa kwa Mungu sijamwambia mtu."

"Huenda hukusema," mama Twaha akajibu. "Lakini hii ni simu yako inayosema, na majibu yako yamo."

Miaka yote hiyo Bi Mwanakombo alikuwa akijua wapi maneno yake yanaanzia na wapi yanaishia, na sasa aliisikia sauti yake mwenyewe ikitoka kwenye mkono wa mtu mwingine. Alipoachwa peke yake alianza kuwaza, na mawazo yake hayakwenda mbali. Yalikwenda kwa mtu aliyekuwa jikoni anakaanga samaki.

"Sikudhani! Humu ndani, nani mwingine anashika simu yangu?"

"Hakuna, mama. Mimi tu."

"Basi umenimaliza."

Alipoelezwa, Sikudhani alishika kichwa. "Mama, sijafanya hivyo. Hebu nipe simu, kuna mahali panaonyesha kama imefunguliwa kwingine..."

"Usiiguse!"

"Mama, tuangalie tu."

"Nimesema usiiguse. Ulikuwa ukinisomea meseji kumbe unaokota ya kupeleka sokoni. Ondoka machoni pangu."

Angeitoa simu ile wakati ule, yangejulikana yote palepale. Hasira haikumpa nafasi. Sikudhani alikunja nguo zake huku analia, akaondoka kwenda kwa wazazi wake. Mumewe dereva alipiga simu kutoka njiani huko alikokuwa, akambembeleza mama yake amsikilize mkewe, na Bi Mwanakombo akamkatia.

Ijumaa ikafika na Salha hakutoka nje. Siku chache baadaye zikaja habari kwamba posa imevunjika. Mji ukasema Twaha amekimbia, nani angekubali? Wengine walisema kwa huruma na wengine kwa kicheko, na wote walikuwa wameisikiliza ile sauti.

Kwa Bi Mwanakombo hakuna aliyekwenda kutukana. Waliacha tu kwenda. Binti aliyekuwa afundwe baada ya Salha akapelekwa kwa kungwi mwingine. Kwenye shughuli walimsogezea kiti na kumpa chakula chake, lakini akikaribia wanapozungumza, mazungumzo yanageuka kuwa ya bei ya mchele. Hakuna aliyemchokoza tena amwonjeshe kidogo.

Ikawadia hitima ya kila mwaka ya marehemu mume wa Bi Mwanakombo. Mwanawe alimtumia ukurasa wa dua autoe nakala za kuwagawia watu. Akarudi kwa Eliwaza. Kompyuta kubwa ilikuwa na kazi tena, wakaenda kwenye ile ya pembeni. Eliwaza akabonyeza, akatazama, akasita.

"Mama, mbona wewe umo humu tayari?"

Bi Mwanakombo akasogeza uso. Hakuwa msomaji mzuri, lakini majina aliyajua kwa umbo, moja chini ya jingine. Yalikuwa ya wari wake. La Salha lilikuwamo.

"Humu, tangu lini?"

Eliwaza akaziba mdomo. "Tangu ile siku ya piko. Mama, nisamehe. Niliitwa na mteja, nikajua umeshatoka mwenyewe kwenye simu yako."

"Mimi niliondoka na simu yangu mkononi," Bi Mwanakombo akasema polepole. "Nilijua nimeondoka na kila kitu."

"Haiwi hivyo, mama. Ukiondoka bila kujitoa, meseji zako zinaendelea kuingia hapa. Na zile za nyuma zinasomeka, na sauti zinasikika."

"Nani hukaa kwenye kiti hiki?"

"Kila mtu. Wanaoandika barua za kazi, wanafunzi, watu wa vikao vya harusi. Siwezi kujua ni nani."

Na hakujulikana mpaka leo. Alikuwa mtu tu, amekaa kusubiri zamu yake, akaona sauti ambayo si yake, akaibonyeza. Angeweza kuiacha. Aliipakua pamoja na majibu yake, akaituma.

Bi Mwanakombo hakungoja nakala za dua. Alikwenda moja kwa moja hadi kwa wazazi wa Sikudhani. Mkwe wake alimtandikia mkeka, akamwamkia, akamletea maji, adabu yote kama ilivyokuwa. Hiyo ilimuumiza kuliko kama angefukuzwa.

"Sikuwa na haki, mwanangu," akasema, akaeleza yote. Alilia bila kujificha, mbele ya mama yake Sikudhani.

Sikudhani akasema, "Nipe simu, mama."

Safari hii akapewa. Akamwonyesha mahali palipoandikwa vifaa vilivyounganishwa. Kompyuta ya steshenari ilikuwamo, na saa iliyotumika mwisho ikionekana wazi. Sikudhani akaigusa, akaiondoa, ikapotea. Kisha akauliza, "Utatumia kidole gani?" akakishika kidole gumba cha mama mkwe wake na kukiweka kwenye kioo mpaka simu ikakubali.

"Ni hivyo tu?" Bi Mwanakombo akauliza.

"Ni hivyo tu, mama."

Kazi ile haikuchukua hata muda wa maji kuchemka.

"Twende nyumbani," Bi Mwanakombo akasema.

"Nimekusamehe," Sikudhani akajibu, "na nalisema hilo mbele ya mama yangu. Lakini kurudi siwezi. Nikishika kitu chako chochote, hata sufuria, nitajua unanitazama mikono. Mume wangu akirudi tutatafuta chumba chetu."

Bi Mwanakombo hakumlazimisha. Alijua kwamba angemtazama kweli, si kwa shaka sasa, kwa aibu.

Ilikuwa imebaki nyumba moja. Alikwenda kwa Twaha, akamkuta barazani anafunga nyaya kwenye soketi. Alikuwa amejiandaa kumwomba asimhukumu Salha, kwa kuwa binti alikuwa amekusudia kumwambia. Alianza hivyo hivyo.

"Mwanangu, nisikilize kabla hujakasirika. Salha hakutaka kukudanganya. Ilibaki siku moja tu akwambie mwenyewe. Ukimkimbia kwa sababu ya ugonjwa..."

"Mimi sijamkimbia, mama," Twaha akamkatiza.

"Posa si imevunjika?"

"Ameivunja yeye."

Bi Mwanakombo akamtazama asielewe.

Twaha akaweka bisibisi chini. "Kifafa chake nilikuwa nakijua kabla sijaposa. Alianguka msibani kwa babu yake, mimi nilikuwa kati ya waliombeba; wengine walidhani amezimia kwa huzuni, lakini mimi nilikitambua. Alipozinduka hakujua nani alikuwepo, na mimi sikumwambia. Niliposa nikijua. Nilikwenda hospitali kwa siri kuuliza mtu akianguka alazwe ubavu gani. Nilikuwa nangoja tu siku atakayoniambia mwenyewe, nimwambie najua, tucheke."

Bi Mwanakombo akajishika kifua, pale pale alipokuwa akijipiga kwa majivuno.

"Umemwambia hayo?"

"Nimemwambia. Alilia sana. Akasema, Twaha, wewe sikuogopi. Lakini siku ya harusi nitakaa mbele ya watu na kila mmoja atakuwa anangoja nianguke. Darasani watoto wameanza kuigiza kilio changu. Siwezi kuishi mji ambao kila mtu amenisikia nikilia."

Salha alikuwa ameomba uhamisho, akaenda Lindi kwa shangazi yake. Twaha alimfuata huko, na alirudishwa kwa maneno mazuri. Alipomaliza kusimulia aliiokota bisibisi, akajaribu kuendelea na kazi, skrubu ikawa haiingii. Akaacha.

Jioni hiyo Bi Mwanakombo alikaa kitandani, akafungua simu kwa kidole chake, akamrekodia Salha. Ulikuwa ujumbe mrefu. Alimweleza ya steshenari, ya Sikudhani na ya Twaha, na akamwomba radhi kama mtoto anavyomwomba mama. Akamwambia, sasa simu nimeifunga, somo yangu, nimejifunza, hakuna tena atakayesikia. Niambie lolote lililo moyoni mwako.

Jibu lilikuja kesho yake, nalo halikuwa sauti. Yalikuwa maandishi, na kwa kuwa Sikudhani hakuwapo, ilimbidi ayasome mwenyewe, akifuata herufi kwa kidole.

"Nimekusikia, somo. Sina kinyongo na wewe, na najua hukusema. Nakupenda vilevile. Ila siku hizi mimi sirekodi sauti, kwa mtu yeyote. Nikiwa na jambo la moyoni nitanyamaza mpaka tuonane."

Lindi ni mbali, na Bi Mwanakombo magoti hayampi tena safari. Mpaka leo simu yake ikilia huiwahi, akaifungua upesi. Salha humwandikia kila Ijumaa bila kukosa: shikamoo somo, u mzima? Hakuna zaidi ya hapo.

Funzo: Simu yako haibebi mambo yako peke yako, imebeba na ya waliokuamini. Ifunge, jitoe kwenye kila kompyuta isiyo yako kabla hujainuka kitini, kagua mara kwa mara vifaa vilivyounganishwa nayo, futa usichohitaji kukitunza; na ikikufikia sauti ya mtu ambayo hukukusudiwa, iishie kwako, kwa maana loki huwekwa kwa kidole kimoja, lakini aliyenyamaza kwa sababu yako huenda asiseme tena.